Asubuhi Niliyopata Kishikio cha Gia

Gari langu ni la otomatiki, dogo, la zamani, na rangi yake hapo mwanzo ilikuwa ya fedha. Naanza na hilo kwa sababu huku kwetu Mbulu mwanaume mwenye gari la otomatiki hujieleza kabla hajaulizwa. Nililinunua kwa mwalimu aliyekuwa anahama, na haki yake niseme, hakunidanganya kitu. Aliniambia ni zee, nikaona mwenyewe kwamba ni zee, nikalichukua.

Kishikio cha gia nilikivunja mimi. Nilikuwa napitisha gunia la maharage katikati ya viti kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa umegoma, gunia likaniteleza, nikaliegemea, na ile plastiki iliyopigwa jua miaka yote ikapasuka kama ganda la yai. Kitufe cha pembeni kikaruka, springi yake ikaruka, na mimi na mke wangu tuliitafuta ile springi mpaka chini ya mkeka wa gari tusiione. Kilichobaki ni bomba la chuma limesimama katikati ya viti, na ndani ya bomba kuna kijiti chembamba cha chuma.

Kwa asiyejua magari haya nieleze, ingawa sijui kama nitaeleza vizuri. Huwezi kuitoa gia pale inapolala gari likiegeshwa, wala kuitia ya kurudi nyuma, wala kuishusha kwenye ile nzito ya mlimani, bila kubonyeza kitufe. Kitufe ndicho kinachosukuma kile kijiti chini. Kitufe kikiwa hakipo, mtu asukume kijiti kwa kitu kingine huku bomba likivutwa. Gari likiwa limesimama tambarare mikono yako miwili inatosha. Mlimani unahitaji na wa tatu wa kushika usukani.

Mkono wa tatu ulikuwa wa mke wangu. Alikaa kushoto na kijiko cha chai mkononi, nami nikisema "haya" anasukuma kijiti kwa mpini wa kijiko, nikisema "acha" anaacha. Tulikwenda hivyo kanisani na sokoni. Kuna Jumapili tulikuwa tumenuniana tangu asubuhi, hatusemeshani, lakini kila niliposema "haya" alisukuma, akarudi kuangalia dirishani. Sikuwa na haraka ya kutafuta kishikio kingine. Nasema ukweli, nilikuwa nimeanza kuona hata raha kidogo.

Kilichonipa haraka ni macho ya mama mkwe wangu.

Mke wangu ni wa Hanang, Endasak, na kwao ni wafugaji wa asili. Mama yake alikuwa amepata mtoto wa jicho macho yote mawili, la kulia limekufa kabisa na la kushoto linaona mwanga na vivuli. Tukasikia madaktari wa macho watakuja hospitali ya Mbulu mjini. Wakati huohuo binti yetu alikuwa amejifungua nyumbani kwetu Endagikot, mtoto mchanga, na mke wangu ndiye anayemwogesha, anayempikia uji, anayelala naye. Huyo hawezi kutoka. Kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba mama mkwe nitamfuata mimi, peke yangu, nimlete kwenye macho, na akipona aje Endagikot amwone kitukuu chake.

Hilo ndilo alilokuwa anataka yule mama. Hakusema anataka kuona. Alimwambia mke wangu kwenye simu kwamba anataka kumwona yule mtoto.

Sasa kwao mkwe na mama mkwe hawagusani. Hata kikombe humpi mkononi, unakiweka chini naye anakiokota. Hamkai kiti kimoja, hamli pamoja, na mambo ya mwili wake wala ya moyo wake humuulizi. Mimi sikukulia hivyo sana, lakini nilipooa niliikubali desturi yao na nimeishika miaka yote. Kwa hiyo nisingeweza kumweka mama mkwe kiti cha mbele na kumpa kijiko. Hata kulifikiria tu nilitazama chini nikiwa peke yangu.

Nikaanza kutafuta.

Duka la kwanza la spea mjini Mbulu kijana wa kaunta aliniuliza nataka nini, nikasema kishikio cha gia, cha otomatiki.

"Nobu," akasema. "Mzee unataka nobu. Za manyuo ninazo tele."

"Otomatiki."

Akawageukia wenzake. "Jamani, mzee ana gari linalojiendesha, anatafuta pa kushika ili asianguke."

Walicheka, na mimi nikacheka. Si kwamba alikuwa mbaya. Alinipa soda baadaye, akapiga picha bomba langu akaituma Arusha kwa watu wake. Kutoka Arusha kikaja kishikio kwenye basi, kimefungwa vizuri kwa gazeti, kizuri kuliko gari lenyewe, na hakikuingia. Changu kinashikwa kwa skrubu mbili ndogo za pembeni, kile kilikuwa cha kuzungusha. Wa Arusha walikubali nikirudishe. Nao hawakuwa na kosa, picha ilikuwa na giza.

Nikaenda Katesh siku ya mnada. Pale kuna mtu anatandika turubai na kumwaga juu yake vyuma vya kila aina, taa, vioo, pampu, na kila unachogusa anakwambia kinaingia. Nilipata kichwa cha gia kizito, cha mpira mweusi. "Kinaingia kila gari," akasema. Nikauliza, kitufe kiko wapi? "Kitufe cha nini, baba? Unashika, unakwenda." Nikakinunua. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu watu walikuwa wananitazama, na nilichoka kuwa mtu anayeuliza kitufe. Vijana wa bodaboda waliokuwa wamesimama kwenye gari langu wakanipisha, mmoja akachungulia ndani.

"Mzee, hili mbona limekatwa pembe?"

"Liliwapiga watu," nikamjibu.

"Basi limetulia sasa."

Nililirudisha Endagikot likiwa limekatwa pembe vilevile, na kile kichwa cheusi watoto wa jirani wanakichezea mpaka leo.

Siku ikafika sijapata kitu. Nikachukua bisibisi fupi, nikaifunga kamba nikaining'iniza kwenye usukani, na nikapanga safari yangu kichwani kama mtu anayepanga kuiba. Niliamua nitasimama mahali tambarare tu. Nitaegesha gari likitazama njia ya kutokea, ili nisirudi nyuma mbele za watu. Kupanda ile milima ya kutoka Dareda kwenda Dongobesh nitakwenda taratibu na gia ya kawaida, gari likikataa litakataa.

Endasak nilikuta watu. Sikutegemea watu. Mama mkwe alikuwa amewaambia majirani wote kwamba mkwe wake anakuja kumchukua na gari, na walikuwa wamekuja kuona, wanawake na watoto, na wazee wawili wenye fimbo zao wamesimama kando. Nikawaamkia wazee, wakaitikia. Mama mkwe alitolewa nje na mke wa shemeji yangu. Alikuwa amevaa shuka jipya na bangili zake zote za shaba, mikono yote miwili, kama anakwenda kwenye harusi. Fimbo yake nyembamba mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe. Umekuja na gari?"

"Nimekuja nalo, mama."

"Nigusisheni nilione." Wakampeleka, akagusa boneti, akagusa taa, akatingisha kichwa akiwageukia watu upande ambao hawapo. "Ni kubwa," akasema.

Si kubwa. Akaingia nyuma, upande wa kushoto, mlango ukafungwa, na mimi nikakaa kwenye usukani nikiwa na watu madirishani. Nikashika bisibisi mkono wa kulia, bomba mkono wa kushoto, mguu kwenye breki. Kijiti hakikutaka. Nikasukuma tena, bisibisi ikateleza ikanichoma kiganjani. Nje mama mmoja akauliza, "Limeshikwa na nini?" na mwingine akasema, "Mwache, anaomba kwanza." Nilikuwa nimeinamisha kichwa kweli. Mara ya tatu likatoka, tukaondoka, na watoto wakatukimbilia mpaka barabarani.

Jasho lilikuwa limenishuka mpaka kwenye mkanda. Tulikwenda hivyo mpaka Dareda, tukaanza kupanda.

Pale ndipo mpango wangu ulipokufa. Mbele yetu kulikuwa na lori la mahindi linapanda huku likinguruma, nyuma kuna basi, na gari langu likaanza kuishiwa pumzi. Ilibidi nishushe gia. Nikaachia usukani kidogo nishike bisibisi, gari likayumba, basi likapiga honi, nikarudi usukanini. Nikajaribu tena, vilevile.

"Unatafuta nini, mkwe?" Sauti ya nyuma.

"Hakuna kitu, mama."

"Nasikia unahangaika na chuma."

Gari likatetemeka.

"Mimi macho ndiyo yamekufa," akasema. "Masikio yapo. Mwanangu aliniambia anakusukumia chuma na kijiko. Niambie ni wapi."

Kwa hiyo alikuwa anajua. Siku zote alikuwa anajua, na mimi nilikuwa nimehangaika Mbulu yote na Hanang yote kumficha. Fimbo yake ikaja katikati ya viti, ikatangulia polepole kama pembe ya konokono, ikagonga redio. Nikaishika ile ncha kwa vidole viwili, nikaiweka juu ya bomba. Mkono wake ulikuwa kwenye upande wake wa fimbo na wangu kwenye upande wangu.

"Haya," nikasema.

Akasukuma. Gia ikashuka, gari likapata nguvu, tukapanda.

"Acha, mama."

Akaacha. Baada ya kona mbili akaanza kucheka, kicheko cha puani, cha mtu anayejizuia kwa sababu ya heshima. Yeye alifurahi. Hilo lazima niliandike kwa haki, alifurahi kuliko alivyofurahi kukaa tu. Kila tuliposimama alikuwa ameshatanguliza fimbo kabla sijasema. Mimi ndiye nilikuwa naungua masikio. Nilikuwa nimemtoa mama mkwe wangu nyumbani na shuka jipya na bangili, mbele ya majirani, halafu namfanyisha kazi kwenye gari, kipofu.

Karibu na Dongobesh askari wa barabarani akatusimamisha. Mtu mzima, mpole. Akaangalia leseni, akaangalia bima, halafu akaiona fimbo imelala katikati ya viti na ncha yake juu ya bomba.

"Mama, shikamoo. Unaswaga gari?"

"Marahaba," akasema mama mkwe. "Lisiposwagwa haliendi."

Yule askari alicheka mpaka akashika paa la gari. Akanirudishia karatasi zangu. "Mzee, tafuta kishikio. Usimchoshe mama yako."

"Natafuta, afande."

"Si mama yake," mama mkwe akamwambia. "Ni mkwe."

Askari aliacha kucheka. Naye ni wa huku, anajua mkwe ni nini. Akatazama fimbo, akanitazama mimi, akasema "Haya, nendeni salama," kwa sauti ya mtu aliyefungua mlango akakuta mtu anavaa. Hiyo iliniuma zaidi ya kicheko.

Hospitali ilikuwa na watu wengi, wazee wa kila upande, wengine wametoka mbali kuliko sisi. Nilimwongoza kwa fimbo, nimeshika ncha nimetangulia, naye ameshika nyuma. Watu walidhani ni jambo la kawaida na mimi nikaacha wadhani. Walimpima, wakasema la kulia halifai tena, la kushoto watalifanyia. Mchana walimfanyia, akatoka amefungwa bandeji nyeupe. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mama mmoja wa Mbulu aliyekuwa anamuuguza baba yake ng'ambo ya ukuta na kupumzika upande wa wanawake, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Mimi siwezi kulala wodi ya wanawake, wala siwezi kumlisha mama mkwe. Nikamwomba anisaidie.

"Nenda baba, kapumzike. Kesho wakishapita madaktari wanafungua. Usichelewe tu."

Nilikwenda kumuaga mama mkwe, nikasimama mwisho wa kitanda.

"Mkwe," akasema, "kesho utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mama."

"Huyo mama anasema jicho likifunguliwa mtu wa kwanza unamwona sana kuliko utakavyomwona mtu mwingine yeyote. Anasema yeye alipofunguliwa lake aliona nesi." Akatabasamu kidogo. "Nisije nikaona nesi."

Nikasema hatamwona nesi.

Kuna jambo lilinipitia usiku nikiwa Endagikot, nalo nitaliandika ingawa halinipendezi. Niliwaza kwamba kesho atalitazama gari. Atayaona madoa, kioo kilichobandikwa gundi, bomba tupu lililosimama katikati. Alishajua kuhusu bomba, lakini kujua kwa kusikia ni tofauti. Na kwa muda mdogo sana, muda wa kugeuka tu kitandani, nilitamani wamfungue siku nyingine. Sikutamani abaki kipofu, hapana. Lakini nilitamani jicho lisubiri gari.

Asubuhi nimeshatoka nyumbani, niko njiani kuingia mjini, simu ikalia. Fundi wa gereji niliyemwachia namba, nilikuwa hata nimemsahau.

"Mzee, gari lako kuna mwenzake limeletwa hapa, limepata ajali ya ng'ombe, linakatwa vipande. Nobu ipo. Nzima na kitufe chake."

"Niwekee, nakuja mchana."

"Mchana haipo. Kuna jamaa ameiulizia. Kama uko karibu pita sasa hivi, ni skrubu mbili."

Gereji iko njiani. Si kwamba niliiacha njia ya hospitali nikaenda mbali, ni kando ya barabara ileile. Nilijiambia skrubu mbili. Nilijiambia madaktari hawajaanza kupita. Nilijiambia, na hili ndilo baya kuliko yote, kwamba hata nikiwepo nitafanya nini, mimi ni mkwe, nitasimama mlangoni tu. Nikaitumia desturi yake mwenyewe kama ruhusa.

Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikuwa imeshika kutu na kichwa chake kimeliwa. Fundi akaweka mafuta, akagonga, akaweka tena. "Dakika moja, mzee." Nikamshikia tochi. Alipoona haitoki akachukua drili, umeme ukawa hafifu, akasubiri. Ningeweza kuondoka. Nilisimama pale nimeshika tochi na nilijua kabisa ninachokifanya, na sikuondoka. Ilipotoka aliivua nobu, akaifuta kwa kitambaa, akaiingiza kwenye bomba langu, akafunga. Ilikaa kama imezaliwa hapo. Nyeusi, laini, na mstari mdogo wa fedha pembeni.

Nikabonyeza. Ikasema *tik*. Nikavuta, gia ikatoka kwa mkono mmoja. Nikairudisha, nikabonyeza tena, nikavuta tena.

"Mzee, usiimalize leo leo," fundi akasema.

Nilifurahi. Sitaficha, nilifurahi kama mtoto, na niliendesha mpaka hospitali mkono wangu wa kushoto ukiwa juu yake hata pale ambapo haikuwa lazima.

Yule mama wa maneno mengi alikuwa kwenye ngazi. Aliniona kabla sijamwona.

"Baba, ulikuwa wapi?"

"Nilipata dharura kidogo."

"Bandeji wameifungua zamani. Mama aliniuliza mlango uko wapi, nikamgeuza akae akiutazama. Nesi anamwambia fungua jicho bibi, bado kuna foleni, yeye anasema subirini, mtu wangu anakuja. Wakamsubiri kidogo, lakini na wao wana watu." Akanitazama vizuri. "Mimi ilibidi nirudi kwa baba yangu. Mama yuko nyuma huko kwenye benchi."

"Alifungua jicho?"

"Si nimekwambia nilirudi kwa baba yangu."

Nikazunguka nyuma ya jengo. Kuna benchi refu la saruji juani, wagonjwa waliofunguliwa wamekaa, wengine wanatazama mikono yao, mzee mmoja anasoma kwa sauti maneno ya kwenye gari la wagonjwa. Mama mkwe alikuwa mwishoni, peke yake, fimbo magotini. Alikuwa amejifunika shuka kichwani mpaka usoni, huoni kitu ila kidevu.

Nimelifikiria lile shuka mara nyingi. Inawezekana ni jua, kwa maana jicho jipya haliwezi jua na wenzake wengi walikuwa wameinama. Inawezekana alikuwa ameshaona kila kitu, nesi na dari na mlango mtupu, akajifunika kwa sababu hakuwa na mtu. Au alikuwa ananisubiri bado. Sina njia ya kujua, na sipendi kuchagua ile inayonifaa.

Nikasimama mbali kidogo, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo mama."

Akashusha shuka kwa mkono mmoja, bangili zikateremka, akanitazama. Jicho lilikuwa jekundu na lina maji, lakini lilinishika. Alinitazama kuanzia viatu, nikaona linavyopanda, mpaka usoni, likakaa hapo. Mimi sikujua nitazame wapi. Mkwe hatazamwi hivyo.

"Marahaba," akasema.

Kwenye gari alikaa palepale nyuma. Nikabonyeza kitufe, tukaondoka. Alitazama nje njia nzima, ng'ombe, mashamba, watu, na kwa nusu njia nilimsikia anataja vitu kwa lugha yake, kwa sauti ndogo. Kishikio hakukizungumzia. Kama alikiona sijui.

Nyumbani walikuwa wametoka wote nje, hata binti yetu amejifunga kanga mlangoni na mtoto kifuani. Mama mkwe aliletewa kitukuu, akamshika chini ya dirisha, akamgeuza huku na huku kama anayenunua. Mke wangu analia na kucheka. Halafu akauliza lile swali ambalo kila mtu angeuliza.

"Mama, walipokufungua ulimwona nani wa kwanza?"

Mimi nilikuwa mlangoni. Mama mkwe hakuinua kichwa kwa yule mtoto.

"Nilimwona mkwe wangu," akasema. "Kumbe amezeeka hivi! Mlikuwa mnanificha."

Nyumba nzima ikacheka. Mke wangu alinigeukia na uso ambao sijauona tangu tulipokuwa vijana. Alinishukuru kwa macho, mbele ya watu, na mimi nikaupokea ule uso kama ni wangu. Mchana alinichinjia kuku na firigisi nikapewa mimi. Nilikula.

Baadaye ng'ombe walikuwa wanarudi na gari langu lilikuwa limeziba njia ya zizi. Nikaingia nilisogeze. Mke wangu, kwa mazoea tu, akazunguka akafungua mlango wa kushoto akakaa, na mkono wake ukaenda kwenye kijiko pale kilipokaa siku zote. Halafu akakiona kishikio.

"Hee! Umepata!" Akakigusa. "Kizuri. Umekipata lini?"

Ningeweza kusema juzi. Alikuwa hata haangalii uso wangu, alikuwa anaangalia ule mstari wa fedha.

"Leo asubuhi," nikasema. "Gereji."

"Asubuhi saa ngapi? Si ulikwenda..." Mkono wake ulibaki juu ya kishikio. Ng'ombe wa kwanza alikuwa ameshafika kwenye boneti, amesimama anatungoja.

"Nilichelewa," nikasema. "Nilimkuta kwenye benchi."

"Kwa hiyo alimwona nani?"

"Sijui."

"Kamuulize."

"Siwezi kumuuliza. Ni mkwe wangu."

Alinitazama kidogo, si kwa hasira, ningependa ingekuwa hasira. Akachukua kijiko chake.

"Basi kaa nalo hilo swali," akasema.

Akashuka, akafunga mlango taratibu, akaenda kumshika yule ng'ombe wa mbele ili nipate nafasi. Nikabonyeza kitufe kwa kidole gumba. Gari likarudi nyuma bila shida yoyote.